Fahamu: Masoko ya utabiri wa uchaguzi wa majimbo ya Marekani

Msimu wa uchaguzi unapowadia nchini Marekani, kando ya kura za maoni hutajwa tarakimu za aina nyingine. Husemwa, kwa mfano, kwamba mgombea fulani ana nafasi ya asilimia 60 ya kushinda Pennsylvania. Tarakimu hiyo haikupatikana kwa kuwahoji wapiga kura, wala si hesabu ya kura. Ni bei iliyofikiwa na wanunuzi na wauzaji katika kile kinachoitwa soko la utabiri. Mwaka 2026, ambapo majimbo 36 yanachagua magavana, ni vyema kufahamu bei hiyo inasema nini na isichoweza kusema.

Soko linafanyaje kazi?

Soko huuliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana: je, mgombea fulani atashinda katika jimbo fulani? Anayeamini kuwa jibu ni ndiyo hununua hati. Mgombea akishinda, kila hati hulipwa dola moja. Akishindwa, hati haina thamani yoyote. Hati ikiuzwa kwa senti 60, mnunuzi atapata faida ya senti 40 au atapoteza senti zake zote 60. Kwa sababu hiyo bei husomwa kama uwezekano: senti 60 ni sawa na asilimia 60.

Hapa ndipo wengi hukosea. Asilimia 60 si sehemu ya kura. Soko linaweza kutarajia ushindi mwembamba wa kura 51 kwa 49, na bado likampa mgombea nafasi kubwa. Aidha, mwenye nafasi ya asilimia 60 anatarajiwa kushindwa mara nne katika kila kumi.

Kwa nini majimbo?

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Huchaguliwa na wajumbe 538, na mshindi anahitaji angalau 270. Isipokuwa Maine na Nebraska, kila jimbo huwapa wajumbe wake wote mgombea aliyeongoza humo. Swali la nani atakuwa rais, kwa hiyo, ni mkusanyiko wa maswali machache ya majimbo yenye ushindani mkali. Maseneta na magavana nao huchaguliwa kwa kura za jimbo zima.

Lakini majimbo hayaendi kila moja kivyake. Tuseme mgombea ana nafasi ya asilimia 55 katika kila moja ya majimbo saba. Kama matokeo ya majimbo hayo yasingehusiana, nafasi yake ya kuyatwaa yote ingekuwa chini ya asilimia 2. Hata hivyo, mwaka 2024 Donald Trump aliyatwaa yote saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Upepo unaovuma Michigan huvuma pia Wisconsin.

Kutoka chuoni hadi mahakamani

Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha soko la aina hii mwaka 1988 kwa ajili ya utafiti, na mshiriki hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500. Mwaka 2014 likafuata soko la PredictIt, lililohusishwa na Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, ambalo nalo liliwekewa kikomo cha dau.

Mambo yalibadilika mwaka 2024. Kampuni ya Kalshi ilikuwa imeishtaki CFTC, tume ya serikali inayosimamia biashara ya mikataba ya aina hiyo, baada ya tume kuikataza kuuza hati za uchaguzi. Mahakama iliipa Kalshi ushindi mwezi Septemba, na mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikakataa kuizuia wakati kesi ikiendelea. Mwaka 2025 tume iliiondoa rufaa yake.

Je, yanaaminika?

Rekodi yao ni mchanganyiko. Mwaka 2004, katika soko la Intrade la Ireland, aliyepewa nafasi kubwa alishinda katika majimbo yote 50. Mwaka 2016 masoko yalimtarajia Hillary Clinton katika Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Trump alishinda yote matatu, kila moja kwa tofauti isiyofikia asilimia moja. Mwaka 2022 masoko yaliegemea kwa Mehmet Oz katika kiti cha Seneti cha Pennsylvania, lakini John Fetterman akashinda.

Lipo pia suala la nguvu ya fedha. Katika kura kila raia ana sauti moja. Sokoni mwenye dola nyingi ana sauti kubwa. Mwaka 2024 raia mmoja wa Ufaransa, akitumia akaunti kadhaa, aliweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Trump katika soko la Polymarket. Alishinda, lakini kabla ya matokeo hakuna aliyeweza kujua kama bei ilipanda kwa maarifa au kwa uzito wa mfuko wake. Katika uchaguzi mdogo wa jimbo, ambako wanunuzi ni wachache, hata kiasi kidogo huweza kuisukuma bei.

Hatari kubwa zaidi ni bei kuchukuliwa kama ushahidi. Baada ya vyombo vya habari kutangaza ushindi wa Joe Biden tarehe 7 Novemba 2020, hati za ushindi wa Trump ziliendelea kununuliwa kwa wiki kadhaa katika PredictIt. Huko Georgia, kura zilihesabiwa upya kwa mkono na Biden akabaki mbele kwa kura zipatazo 12,000. Bei ilikuwa ikipima imani ya wanunuzi, wala haikuwa na uwezo wa kubadili kilichokuwa ndani ya masanduku.

Msomaji akutanapo na tarakimu za soko, na aulize mambo mawili: ni fedha kiasi gani zimewekwa, na zimetoka kwa wangapi? Baada ya hapo asubiri maafisa wa jimbo waidhinishe hesabu ya kura, kwani mshindi hupatikana kwa hesabu hiyo pekee.