Kamba, Jiwe na Mnyaa: Historia Fupi ya Uzio wa Mifugo Magharibi mwa Rwanda

Kwetu Gisenyi neno mpaka humaanisha Goma. Wanahistoria wengi wameandika juu ya mpaka huo, nami sina la kuongeza. Ninaoushughulikia hapa ni mpaka mdogo zaidi, ule unaomzuia ng'ombe, kwa sababu naamini unaeleza vizuri zaidi nani alipata ardhi na nani aliikosa.

Zamani malisho hayakuwa na uzio. Mchungaji ndiye aliyekuwa uzio. Kilichozungushiwa ni boma, na aghalabu kwa minyaa (imiyenzi kwa Kinyarwanda), mti ambao utomvu wake huunguza macho na ng'ombe hauli. Mambo yalibadilika Gishwati, kwenye miinuko iliyo juu yetu. Mwaka 1980 ulianza mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ya msitu ikageuzwa malisho na mashamba ya miti. Baada ya 1994 wakimbizi waliorejea nao wakatafuta mahali pa kukaa. Msitu uliokuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970 ukabaki na hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Malisho yaliyogawanywa kwa watu binafsi yalihitaji nguzo na seng'enge, na ng'ombe wa kisasa wakaachwa ndani bila mchungaji. Ndiyo maana nasema kwamba uzio ulichukua kazi ya mtu.

Uzio wa umeme una asili nyingine kabisa. Bill Gallagher, mkulima wa New Zealand, aliutengeneza katika miaka ya 1930, na husimuliwa kwamba alianza kwa kumzuia farasi aliyependa kujikuna kwenye gari lake. Siku hizi farasi na ng'ombe huzungushiwa hata kamba: nyuzi za plastiki zilizosokotwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma. Hapa ndipo ukazaji unapokuwa na maana. Kamba hiyo haimzuii mnyama kwa nguvu. Humzuia kwa kumbukumbu ya maumivu ya pigo moja. Ikilegea, hugusa majani mabichi na umeme huishia ardhini. Ikivutwa kupita kiasi, nyuzi za chuma hukatika ndani huku plastiki ikibaki nzima, na mwenye shamba huona uzio pale ambapo hakuna. Nguzo za pembeni ndizo zinazobeba mvuto wote, kwa hiyo huchimbiwa chini zaidi na kuegemezwa. Katika nchi ya mvua kama Gishwati, nyasi zenyewe ni adui wa kila wiki.

Ukielekea kwenye volkano, utakuta jibu tofauti. Mwaka 1969 takriban hekta 10,000 za hifadhi zilitolewa kwa kilimo cha pareto, na mashamba yakasogea hadi kwenye makazi ya nyati. Kilichojengwa baadaye kuwazuia ni ukuta wa mawe ya volkano, zaidi ya kilomita 70, uliopangwa bila saruji. Mawe yapo tele, na ukuta hauhitaji betri.

Mashariki, Akagera ilipunguzwa mwaka 1997 hadi chini ya nusu ya eneo lake ili wakimbizi waliorejea na ng'ombe wao wapate pa kuishi. Mwaka 2013 ukakamilika uzio wa kilomita 120 hivi unaotumia umeme wa jua. Simba walirudishwa 2015 na vifaru weusi 2017, jambo ambalo lingekuwa gumu bila uzio huo. Wenzangu huuita uzio wa wanyamapori. Mimi nauhesabu pia kuwa uzio wa ng'ombe, kwa kuwa ulifunga rasmi malisho ambayo wafugaji walikuwa wakiyaingia. Na tofauti na ukuta wa mawe kule kwenye volkano, huu unahitaji watu wa kuutembelea kila siku, kufyeka nyasi, kupima umeme na kukaza waya. Mchungaji amerudi, ila sasa anachunga uzio.