Mlango wa Jirani na Wodi ya Wazazi

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu wakaingia Kibondo na Kasulu nchini Tanzania, eneo la Waha, watu wanaoelewana nao kwa lugha bila mkalimani. Zikaanzishwa kambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila. Kwa wanawake wengi hatari haikuishia mpakani. Kuni zilikuwa porini, na aliyezifuata ni mama au binti yake.

Mwaka 1996 shirika la misaada la IRC lilianza Kanembwa kazi iliyokuwa bado ngeni kambini: kuwauliza wanawake wenyewe yaliyowapata. Taarifa ya Sydia Nduna na Lyndall Goodyear, ya mwaka 1997, ilionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya wanawake na wasichana wa miaka 12 hadi 49 kambini humo walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono tangu wawe wakimbizi. Siri za namna hiyo haambiwi karani mgeni aliyeshika dodoso. Kazi iliwezekana kwa sababu viongozi wa wanawake wakimbizi waliibeba.

Kisha vikaja vituo vya ushauri, vikawekwa karibu na wodi za wazazi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa. Mwanamke anayeelekea wodini haulizwi anafuata nini, na mume akiuliza, jibu lipo. Ndani ya kituo alimkuta mkimbizi mwenzake, wa kumsikiliza kwa Kirundi, kumfikisha kwa mganga na, akitaka mwenyewe, kumsindikiza polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupimwa na kutibiwa.

Aliyebakwa porini alipata wa kumsikiliza mapema. Aliyepigwa nyumbani alisubiri zaidi. Shauri lake lilikwenda kwa bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa Kirundi, na mara nyingi akarudishwa kwa mume yuleyule. Haya yalitendeka ilhali Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, ilikwisha kukataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mwaka 2000 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu kambi hizi, ikalalamikia waziwazi jinsi kipigo cha nyumbani kilivyopuuzwa. Ilistahili kusemwa mapema zaidi.

Nduta ilifunguliwa tena 2015, Warundi walipokimbia upya. Safari hii polisi wa Tanzania walikuwa tayari na Dawati la Jinsia na Watoto, na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, MTAKUWWA, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji.