Ajenti wa nyumba na msee wa benki: Hivi ndivyo mnaweza kutumiana wateja bila kuchomana

Kama unauza nyumba Ruaka, Syokimau ama Kilimani, hii lazima imekupata. Mteja ameipenda keja, bibi yake ashachagua rangi ya pazia, mwenye nyumba amekubali bei. Wiki sita baadaye benki inasema hapana. Komisheni yako imeenda hivyo, na mteja hashiki simu zako tena.

Na kama uko upande ule mwingine, unauza mikopo ya nyumba kwa benki ama sacco, unajua target ya mwezi haina huruma na soko lenyewe ni dogo. Kwa hesabu za Benki Kuu, mwaka wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba kama 30,000 tu kwenye mabenki. Wengi wetu tunanunua kwa cash, tunakopa sacco ama tunajenga polepole ocha. Kwa hivyo ajenti mmoja mwenye anakutumia wateja wawili wa ukweli kila mwezi ni mtu wa kuheshimu sana.

Shida ni vile watu huanza. Msee wa benki anaingia kwa ofisi ya ajenti na fulana ya kampuni, anaacha kadi hamsini na kalenda, anasema, "Boss, nitumie wateja." Ajenti anatabasamu. Kadi zinaingia kwa droo kukutana na za wengine kumi waliopita wiki hiyo. Hakuna kitu umempa, na wewe unataka akuamini na komisheni yake.

Mpe "hapana" ya mapema

Kitu ajenti anahitaji kutoka kwako ni kujua, kabla atumie mafuta kumzungusha mteja Jumamosi nzima, kama huyo mteja atapata mkopo. Wengi wanadhani afisa mzuri ni yule anasema "ndio" kwa kila mtu. Wapi! Huyo ndiye anaua deal baadaye, wakati watu washatoa pesa.

Chukua mfano. Mteja anataka kukopa Sh5 milioni alipe kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 15, kila mwezi atalipa karibu Sh65,800. Riba ikiwa 9.5, inashuka hadi kama Sh46,600. Sasa leta payslip. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mtu wa Sh100,000 mwisho wake ni kama Sh66,600, na hapo ndani PAYE, NSSF, SHIF na ile ya nyumba zishakula zake. Hata bila loan ya sacco, hesabu imekufa hata kwa ile riba ya chini. Hii ni kazi ya dakika kumi. Ukimfanyia ajenti hii siku hiyo hiyo ameuliza, atakukumbuka kuliko kalenda.

Ile riba ya chini ya kumi si hadithi. Kampuni ya KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka wa 2020, huwapa mabenki na sacco pesa za bei nafuu ili wakopeshe watu wa nyumba za kawaida. Kuna masharti ya mapato na kiwango cha mkopo, na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo msee wa benki akuambie yale ya leo, si ya mwaka jana. Ajenti mwenye anaelewa hii anaweza kuokoa mteja mwenye alikuwa ashakata tamaa.

Halafu kuna pesa mteja huwa haambiwi. Nyumba ya Sh6 milioni mjini: deposit ya asilimia 10 ni Sh600,000, stamp duty ya asilimia 4 ni Sh240,000, na bado hujalipa wakili na valuer. Afisa akiandika hizi zote kwa karatasi moja na kumpa ajenti awaonyeshe wateja wake, hiyo ndiyo karatasi itabandikwa ukutani.

Na wewe ajenti, usitume mteja mikono mitupu

Maafisa wa benki pia wana list yao ya maajenti wasumbufu. Wako wenye hutuma namba tu na "huyu anataka loan", unapiga unapata ni mtu alikuwa anauliza bei ya bedsitter. Ukitaka uchukuliwe serious, tuma kitu kama hiki:

"Habari ya asubuhi madam. Niko na mteja ameajiriwa, miaka minne kwa hiyo kazi. Anataka two bedroom Kitengela, bei Sh5.5 milioni, deposit iko. Amekubali nikupe namba yake, anapenda kupigiwa baada ya saa kumi na moja jioni. Title ni sectional, iko tayari."

Ona hiyo ya mwisho. Benki haikopeshi mteja peke yake, inakopesha pia hiyo nyumba. Tangu Sheria ya Sectional Properties ya 2020, kila unit ya flat inafaa kuwa na title yake, na hiyo ndiyo benki inataka kushikilia. Kama unachouza bado ni karatasi za zamani za share kwenye kampuni ya management, sema mapema. Kama ardhi ni ya lease, hesabu miaka iliyobaki: mkopo wa miaka 20 juu ya lease imebakisha 25 utaleta maswali. Kama jengo bado liko slab ya pili, uliza kwanza kama hiyo benki inafadhili mradi huo, kwa sababu benki nyingi hukagua mradi mzima kabla zimpe mtu mkopo wa unit moja.

Hapa ndipo kuna noma ya ukweli. Mikataba mingi ya kuuza nyumba Kenya hutoa siku 90 za kumaliza malipo. Mteja ashalipa ile asilimia 10. Siku zikiisha benki haijatoa pesa, muuzaji anaweza kuvunja mkataba, na kulingana na vile ulivyoandikwa, deposit inaweza kwenda. Hiyo Sh550,000 ya msee wa Kitengela pengine ni akiba ya miaka mitano. Ndiyo maana mambo ya title na payslip yanaangaliwa kabla ya kusaini, si siku ya 70.

Kwa hivyo mkubaliane kitu kimoja simple: kila Ijumaa afisa anatuma ajenti update, hata kama hakuna kipya. "Valuation imefanywa, tunangoja search." Basi. Kimya ndicho huvunja hizi uhusiano zaidi ya riba kubwa. Lakini usitume siri za mteja. Ajenti anahitaji kujua file imefika wapi, hahitaji kujua mteja analipwa ngapi ama CRB inasema nini juu yake.

Mambo ya bahasha

Mtauliza tu, kwa hivyo tuseme. Ajenti anafaa kumtupia afisa kitu kidogo kwa kila mteja? Ama afisa amtumie ajenti M-Pesa? Kama ni ya siri, achana nayo. Sheria ya Bribery ya 2016 inashika hata sekta ya kibinafsi, na benki nyingi zinafuta mtu kazi kwa hiyo kabla hata polisi waitwe. Ukiona zile video za YouTube za Marekani za kutafuta wateja wa mikopo, jua kwamba hata huko sheria ya RESPA ya 1974 inakataza kulipana kwa sababu tu umetuma mteja. Kwetu, kama benki ama developer ana mpango rasmi wa kulipa maajenti, uwe umeandikwa, mwajiri ajue na mteja ajue.

Maoni yangu, hata ile halali inaharibu kidogo. Ajenti akianza kutuma watu penye kuna pesa badala ya penye kuna mkopo mzuri, mteja atagundua siku moja akiongea na cousin wake. Mpe majina ya maafisa wawili ama watatu wa benki tofauti, achague mwenyewe.

Namba ya mtu pia si yako kugawa. Chini ya Sheria ya Data Protection ya 2019, omba ruhusa kwanza, na iwe kwa maandishi. Text ya WhatsApp ya "sawa, mpe" ni bora kuliko kukumbuka tu. Kampuni ikipatikana na makosa, faini inaweza kufika Sh5 milioni.

Na wewe afisa, kabla uweke jina la ajenti kwa mdomo wako, angalia kama amesajiliwa na Estate Agents Registration Board. Sheria ya Estate Agents, Cap 533, inasema huwezi fanya hiyo kazi bila usajili, ingawa sote tunajua mtaani kuna wangapi. Mteja akipoteza deposit kwa mtu wewe ndiye ulimwelekeza, hatakumbuka jina la huyo ajenti. Atakumbuka lako na la branch yako.

Afisa pia ako na kitu ajenti anatamani: watu benki ishawakubalia mkopo na bado hawajapata nyumba. Mmoja kama huyo, akikubali, ni bora kuliko views elfu kumi za TikTok. Mtumie ajenti mwenye anajua hiyo area, hata kama si yule beshte yako wa kila Ijumaa.

Mwisho, maafisa huhama benki sana. Ukihama, mwambie ajenti wako wewe mwenyewe, umwachie jina la mtu anabaki na files zake, halafu uanze upya huko. Usibebe list ya wateja wa benki ya zamani kwa simu yako.