Nasaba, utafutaji wake kwa vipimo vya DNA (Merigi na nchi ya majani chai)

Utafutaji huu ni njia ya kumtambua mzazi asiyejulikana wa mhenga fulani, aghalabu baba, kwa kulinganisha vinasaba vya wazao wake walio hai na vya watu wengine waliokwisha kupimwa. Katika Merigi, wadi ya Bomet Mashariki, Kenya, na kote mpaka Kericho, jambo hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa Mkipsigis, mwenyeji wa huko, hurithi ukoo kwa babaye, na kwa desturi watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Asili ya mashaka

Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba ya chai Kericho, katika nchi ambayo Wakipsigis wenyewe walinyang'anywa na serikali ya kikoloni, vibarua walimiminika kutoka Ugusii, Nyanza na Uluhyani, wakakaa katika kambi chini ya manyapara na mameneja wa Kizungu. Na mtoto aliyezaliwa humo pasipo ndoa aghalabu alilelewa kwa babu mzaa mama, na swali la babaye likasitiriwa.

Walakini desturi ya Wakipsigis ilikuwa na jawabu lake. Baba ni yule aliyetoa ng'ombe wa mahari. Hata mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe, na watoto wakawa wa nyumba yake, aliyewazaa asiulizwe. Mtoto mchanga alitiwa ugoro puani huku akina bibi wakiita majina ya wahenga mmoja baada ya mmoja, na jina lililotajwa alipopiga chafya ndilo alilopewa. Ukoo uliothibitishwa kwa njia hizo ni haki kamili ya mtu, na kipimo cha damu hakina mamlaka ya kumvua.

Namna ya kupima

Alama za vinasaba zilibainishwa na Alec Jeffreys, wa Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Siku hizi hutosha mate katika kichupa, au pamba iliyosuguliwa ndani ya shavu. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya babaye, mjukuu takriban robo, kitukuu takriban thumni. Kwa hiyo ajuza wa miaka tisini, bintiye yule mhenga, hupimwa kabla ya wajukuu wote, maana akifariki nusu ile huzikwa naye. Kromosomu Y hupita kwa wana wa kiume peke yao, nayo hufaa pale tu mlolongo wa wanaume haukukatika.

Matokeo hulinganishwa na hazina za kampuni kama AncestryDNA na 23andMe, na hapa ndipo penye dhuluma isiyokusudiwa: waliopimwa wengi mno ni watu wenye asili ya Ulaya. Ikiwa baba alikuwa meneja kutoka Uskoti, huenda mjukuu wa nduguye akaonekana kwa urahisi. Bali akiwa kibarua wa Kisii, au jirani wa kilima cha pili, kimya hutanda, na familia isidhani kwamba kimya hicho ni ithibati ya lolote.

Nanyuki

Kwa njia hii mwanasheria James Netto na Profesa Denise Syndercombe Court wa King's College London wamewatambua baadhi ya askari wa Uingereza waliozaa watoto karibu na kambi yao ya Nanyuki, Kenya.

Mirathi

Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 humtambua mtoto wa nje ya ndoa ambaye babaye alimkubali au alijitwika malezi yake. Vinasaba pekee, basi, huenda visitoshe kumpatia mtu shamba. Mahakama inapoamuru kipimo, sampuli hupelekwa aghalabu kwa Mkemia wa Serikali au taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, Nairobi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za vinasaba zimo katika fungu la data nyeti.