Kihatarishi na Hatari: Funzo la Kidonge cha Mahindi

Msimu wa kuhifadhi mahindi ukifika, mkulima huingia duka la pembejeo na kusema, "Naomba dawa ya mahindi." Muuzaji humuuliza kama anataka ya unga au ya vidonge. Akitaka vidonge, mara nyingi huhesabiwa kwa idadi ya magunia aliyonayo, vikatolewa kwenye kopo kimoja kimoja na kufungiwa katika kipande cha karatasi. Anarudi nyumbani kwenda kufukiza mahindi yake.

Tuyatazame maneno yaliyotumika katika biashara hiyo. La kwanza ni dawa. Kiswahili kinalitumia kwa mapana, kwani tuna dawa ya viatu na dawa ya panya, lakini maana inayotangulia akilini ni kitu kinachoponya. La pili ni kidonge, neno lile lile la kile unachopewa zahanati ukiugua malaria. La tatu ni kufukiza. Tunafukiza udi na ubani nyumba inukie, na mwenye mafua hujifukiza nyungu apate nafuu. Maneno yote matatu yametoka katika nyumba ya tiba na manukato. Hakuna hata moja linalomwonya mkulima kwamba ndani ya ile karatasi amebeba mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazouzwa kwa wakulima.

Sumu hiyo ni fosfidi ya alumini, kemikali inayoundwa na alumini na fosforasi. Ikiwa kavu ndani ya kopo lililofungwa, imetulia. Ikiguswa na unyevu, hata huu wa hewani tu, huanza kuvunjika na kutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi. Fosfini hupenya katikati ya punje, ikamfuata mdudu hata aliyejichimbia ndani ya mbegu, ikaua na mayai yake. Ndiyo maana vidonge vimependwa sana tangu dumuzi alipoingia. Mdudu huyo, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugeuza akiba za kaya nyingi kuwa unga wa vumbi. Wakulima wengine walimpa jina la lori, Scania, kwa jinsi anavyofyeka. Kwa hiyo anayenunua vidonge hana kosa la kutafuta silaha. Tatizo ni kwamba lugha aliyouziwa haikumweleza silaha hiyo ina nguvu gani, na nguvu hiyo humfikia mtu kwa njia ipi.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa suala la uhai. Wataalamu wa usalama wanaoandika kwa Kiingereza hutenganisha mambo mawili. La kwanza, hazard, ni uwezo wa kudhuru uliomo ndani ya kitu chenyewe. La pili, risk, ni uwezekano wa uwezo huo kumfikia mtu na kumdhuru, pamoja na uzito wa dhara lenyewe. Simba ana meno awe mbugani au awe ndani ya uzio. Meno ni jambo la kwanza. Kukutana naye njiani usiku ni jambo la pili.

Kwa muda mrefu Kiswahili kimeyabeba yote mawili katika neno moja, hatari, lililotufikia kutoka Kiarabu. Kemikali ni hatari, kazi ni hatari, barabara ni hatari, na kiwango cha hatari kimepanda. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea. Katika karatasi ya maelekezo ya sumu, msomaji hupotea. Akisoma "punguza hatari ya kemikali hii", anaweza kudhani kwamba kuna namna ya kuifanya kemikali yenyewe iwe pole, labda kwa kuvunja kidonge vipande viwili au kukifunga katika kitambaa. Sivyo. Fosfidi ya alumini haipungui ukali kwa kukatwa wala kwa kufungwa. Kinachoweza kupunguzwa ni nafasi yake ya kukufikia.

Tanzania imekwisha kupata neno la kuziba pengo hilo, nalo ni kihatarishi. Limezoeleka katika mafunzo ya usalama na afya mahali pa kazi, ambako watu huzungumzia vihatarishi vya kelele, vya vumbi na vya kemikali. Sarufi yake ni safi. Kutokana na unganisha tumepata kiunganishi, kutokana na vumisha tumepata kivumishi, na kutokana na hatarisha tunapata kihatarishi: kitu kinachofanya tendo hilo. Umbo la neno linasema wazi kwamba tunataja kitu kinachohatarisha, wala si tukio wala uwezekano. Hakuna istilahi ya mkopo ambayo ingemweleza mtoto wa darasa la tano maana yake kwa haraka namna hiyo.

Bahati mbaya neno hilo hilo limevutwa upande wa pili. Katika ofisi nyingi za umma "usimamizi wa vihatarishi" ni usimamizi wa uwezekano wa hasara, na "tathmini ya vihatarishi" ni kupima uwezekano huo. Hivyo afisa usalama akisema kihatarishi anamaanisha tindikali iliyo kwenye pipa, na mkaguzi wa hesabu akisema kihatarishi anamaanisha uwezekano wa fedha kupotea. Tumeondoa mzigo kwenye neno moja na kuupakia kwenye lingine.

Maoni yangu ni haya. Kihatarishi kibaki kwa kitu chenye uwezo wa kudhuru, kwa sababu sarufi yake inadai hivyo. Hatari iwe uwezekano wa kudhurika, na inapopimwa tuseme kiwango cha hatari. Kati ya mawili hayo liwepo neno la tatu la kuyaunganisha, yaani lile tendo la sumu kumfikia mtu. Watafsiri wengine huandika "kufichuliwa kwa kemikali". Hilo ni kosa, kwa sababu kufichua ni kuondoa kificho; anayefichuliwa ni mwizi au siri. Kiswahili kinasema sumu imemfikia mtu, au mtu amefikiwa na sumu. Basi tuseme kufikiwa. Kihatarishi kisipoweza kumfikia mtu, hatari haipo. Kikimfikia kidogo, ipo. Kikimfikia kwa wingi na kwa muda mrefu, ni kubwa.

Tukishatenganisha hivyo, lebo ya kopo inaanza kusomeka. Umoja wa Mataifa ulichapisha mwaka 2003 mfumo mmoja wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, kutokana na wito uliotolewa katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992. Mfumo huo huainisha vihatarishi. Hauainishi hatari, kwa kuwa mwandishi wa lebo hajui wewe utalifungua kopo wapi. Anachokijua ni kilichomo.

Fosfidi ya alumini imewekwa katika makundi kadhaa. Ina alama ya mwali wa moto, kwa kuwa ikikutana na maji hutoa gesi inayoweza kuwaka yenyewe. Sentensi yake ina namba H260. Ina alama ya fuvu na mifupa, kwa kuwa huua ikimezwa, H300, na huua ikivutwa kwa pumzi, H330. Ni sumu pia ikigusa ngozi, H311. Ina alama ya samaki na mti uliokufa, kwa kuwa ni sumu kali mno kwa viumbe wa majini, H400. Namba zinazoanza na 2 ni za tabia za kimaumbile kama moto na mlipuko, zinazoanza na 3 ni za afya, na zinazoanza na 4 ni za mazingira. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeongeza sentensi yao, EUH029: ikigusana na maji hutoa gesi ya sumu. Kwa mkulima wetu hiyo ndiyo sentensi kuu kuliko zote, nayo haina mchoro wake.

Pamoja na alama hizo huwekwa neno moja la kuamsha. Kwa vihatarishi vikali ni HATARI, na kwa vilivyo hafifu zaidi ni ONYO au TAHADHARI. Hapa neno hatari linatumika kama ukelele wa kumshtua msomaji, si kama kipimo, na kwa kazi hiyo linafaa kabisa.

Kuna mtego mwingine katika tafsiri ya mfumo huu ambao haujazungumzwa vya kutosha. Ndani ya kila kundi ukali hupangwa kwa namba, na namba 1 ndiyo ya kutisha kuliko zote. Kwa njia ya kuvutwa kwa pumzi, fosfidi ya alumini imepewa namba 1. Mtafsiri akiandika "sumu ya daraja la kwanza", Mswahili atasoma nini? Kwetu daraja la kwanza ni sifa. Ni mwanafunzi aliyefaulu vizuri, ni behewa la wenye nafasi, ni bidhaa bora. Hata "ngazi ya 1" inasikika kama ngazi ya chini, mahali pa kuanzia. Afadhali tuandike "ukali namba 1, mkubwa kuliko wote" na kuacha sentensi iwe ndefu kidogo. Istilahi fupi inayosomeka kinyume haifai kuwekwa kwenye kopo la sumu.

Sasa turudi nyumbani kwa mkulima. Kopo likiwa limefungwa katika stoo kavu yenye kufuli, mbali na nyumba ya kulala, kihatarishi kipo na hatari ni ndogo. Vidonge vikiwekwa katika shehena ya magunia iliyofunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, kwenye ghala lililofungwa na kubandikwa tangazo, chini ya mtu aliyefunzwa, kihatarishi ni kile kile na hatari imedhibitiwa. Vidonge vikiwekwa katika magunia yaliyopangwa chumbani, pembeni ya kitanda cha watoto, kihatarishi hakijaongezeka hata chembe, lakini hatari imekuwa ya kifo. Nyumba zetu nyingi hazina dari na kuta za vyumba hazifiki kwenye paa. Gesi inayotoka chumba cha mahindi hupita juu ya ukuta au katika nyufa na kuwakuta waliolala chumba cha pili.

Wala pua isitegemewe. Fosfini safi haina harufu. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ambayo watu huisikia hutokana na uchafu uliochanganyika nayo, na harufu hiyo yaweza kupotea huku gesi ingali imejaa. Haina dawa mahususi ya kuizima mwilini. Aliyeivuta atolewe haraka kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali, na kopo au karatasi ya vidonge ipelekwe pamoja naye, ili mganga ajue anapambana na nini.

Kanuni za kushughulika nayo zote huzaliwa na ule utengano wa maneno. Hatua ya kwanza ni kukiondoa kihatarishi chenyewe. Mahindi yaliyokaushwa vizuri yanaweza kuhifadhiwa bila kemikali yoyote katika mifuko isiyopitisha hewa, yenye safu mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa. Kaya yenye magunia machache haina sababu ya kulala na fosfini. Pale ambapo vidonge ni lazima, kama katika maghala makubwa, kazi inayobaki ni kuzuia watu wasifikiwe. Ufukizaji ufanywe na aliyefunzwa. Kopo lifunguliwe nje, penye hewa, mbali na uso. Glavu ziwe kavu na za pamba, maana jasho ndani ya glavu za mpira nalo ni unyevu. Ghala lifungwe kwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo, kisha lipitishwe hewa kabla ya mtu kuingia. Majivu ya vidonge yaliyobaki yasishikwe ovyo wala kutupwa jalalani, kwani huweza kuwa na sumu ambayo haijaisha. Na vidonge vikishika moto visimwagiwe maji kamwe, kwa sababu maji ndiyo yanayoizalisha gesi. Mchanga mkavu ndio msaada.

Kwa hiyo ninatoa wito kwa wanaolinda lugha na kwa wanaosajili viuatilifu. Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi ya kusanifu istilahi, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina kazi ya kusimamia kinachouzwa madukani. Wakae meza moja, waafikiane kwamba kihatarishi ni kitu, kufikiwa ni tendo, na hatari ni uwezekano, kisha lebo zote ziandikwe kwa msingi huo. Maduka nayo yaache kuuza vidonge kwa kuvihesabu kwenye karatasi, maana kidonge kikitoka kwenye kopo lake huacha nyuma maneno yote ya kukieleza.

Na wewe msomaji, ukiwa na mzazi au ndugu kijijini anayehifadhi mahindi, mpigie simu leo. Usimwambie habari za dawa. Mwambie ni sumu, inaitwa fosfidi ya alumini, na asilale nyumba moja na mahindi yaliyowekewa vidonge.