Kuchanjwa Ndui Mara ya Pili

Chanjo ya pili ya ndui ilizuka kwa sababu ile ya kwanza ilisifiwa kupita kiasi. Edward Jenner, daktari wa Kiingereza aliyemchanja mtoto wa miaka 8 kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe mwaka 1796, aliamini kwamba chanjo moja ingemkinga mtu maisha yake yote. Alifariki mwaka 1823, na kufikia miaka hiyo madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwaona watu wenye kovu la chanjo wakiugua ndui. Wengi wao waliugua kidogo na kupona. Kinga haikuwa imetoweka, ila ilikuwa imefifia.

Majeshi yalitangulia kuikubali hoja hii, kwani kambini ndui huenea upesi na askari habembelezwi. Württemberg ilianza kuwachanja upya askari wake mwaka 1829, Prussia ikafuata mwaka 1834. Raia walisubiri hadi sheria ya Ujerumani ya mwaka 1874, iliyotaka mtoto achanjwe kabla ya kwisha mwaka unaofuata ule aliozaliwa, kisha mwanafunzi achanjwe tena mwaka anaotimiza miaka 12.

Sheria hiyo haikuishia kwenye kuchanja. Aliyechanjwa alipaswa kurudi kwa daktari kati ya siku ya 6 na ya 8 akaguliwe mkono, na cheti kikaandikwa kulingana na kilichoonekana pale. Huu ulikuwa uangalifu wa maana, kwa sababu dawa iliyoharibika kwa joto humwachia mtu mchubuko mtupu na imani kwamba amekingwa.

Katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kutokomeza ndui, iliyopamba moto kuanzia mwaka 1967, kazi ilifanywa kwa sindano yenye ncha mbili. Mchanjaji aliichovya kwenye dawa, akadunga mara 15 haraka mahali pamoja kwenye mkono, na damu kidogo ikachungulia. Kama ngozi ilipanguswa kwa spiriti, ilibidi ikauke kabisa kwanza, la sivyo spiriti ingeua virusi vya chanjo. Mwenye ukurutu hakuchanjwa bila sababu nzito, kwani kwake virusi vingeweza kutapakaa mwilini. Baada ya hapo kidonda kiliachwa kikauke na kutunga kigaga. Kukikuna kulikuwa hatari: kidole kilichogusa majimaji yake kingeweza kuvipeleka virusi hadi jichoni.

Kwa aliyechanjwa upya, lengelenge mara nyingi lilikuwa dogo na lilipona mapema. Ilibidi mkaguzi apapase ngozi: ikiwa ngumu au imevimba kuzunguka kidonda, chanjo ilihesabiwa kuwa imeshika, isipokuwa hivyo, mtu alichanjwa tena.

Wasafiri waliijua habari ya kuchanjwa upya kwa njia ya cheti cha kimataifa. Cheti kilidumu miaka 3. Kwa aliyechanjwa mara ya kwanza kilianza kutambuliwa baada ya siku 8, na kwa aliyerudia, siku ileile. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetokomezwa, na sharti la cheti likaondolewa. Miongoni mwa wachache walioendelea kuchanjwa upya ni wafanyakazi wa maabara wanaoshika virusi vya jamii hiyo.