Sindromu ya CHILD na dawa yake ya kupaka

Sindromu ya CHILD ni ugonjwa adimu wa kurithi unaoijaza ngozi magamba, kwa kawaida upande mmoja tu wa mwili. Wekundu hukomea kwenye mstari wa katikati ya kifua na tumbo, na mkono au mguu wa upande huo huweza kuwa mfupi. Karibu wagonjwa wote ni wanawake: jeni yenye hitilafu, NSDHL, imo katika kromosomu X, na mimba za kiume huharibika mapema.

Jeni hiyo hutoa kimeng'enya cha kutengenezea kolesteroli. Kikikosekana, ngozi hupungukiwa na kolesteroli, na wakati huohuo malighafi isiyokamilika hulundikana. Lipi kati ya hayo mawili linaloumiza zaidi?

Mwaka 2011 Amy Paller wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzake walichapisha jibu. Kolesteroli ya kupaka peke yake haikufua dafu. Ilipochanganywa na lovastatini, inayozuia utengenezaji huo tangu hatua za mwanzo, magamba yalikaribia kutoweka ndani ya miezi 3. Wagonjwa walikuwa wachache mno, lakini matokeo yanatia moyo kwelikweli: kidonge kilichozoeleka kwa kushusha kolesteroli kiligeuzwa dawa ya kupaka inayolenga chanzo chenyewe cha maradhi. Kasoro za mifupa haizirekebishi.